Udongo wa kujengea usiosagika: mwongozo kamili wa kupima, kukoroga na kujengea matofali ya saruji

Picha ninazotumiwa zinafanana. Kidole kimesugua kiungo kati ya tofali na tofali, mchanga umemwagika chini, na swali linafuata: "Fundi, hii saruji niliyouziwa ni feki?"

Huwa nauliza maswali matatu. Mfuko mmoja ulichanganywa na toroli ngapi za mchanga? Udongo ulikorogwa saa ngapi? Na karai la mwisho la udongo huohuo lilijengewa saa ngapi? Mara nyingi nikishapata majibu, habari ya saruji feki inaishia hapo. Mfuko ulikuwa mzima. Udongo ulikufa kwenye karai kabla haujafika ukutani, au ulikorogwa kwa kipimo cha macho, na wengine wamefanya yote mawili.

Nikisema "udongo" humu namaanisha ule anaoupigia fundi kelele akiwa juu ya jukwaa: saruji, mchanga na maji. Wengine huita mota. Mwongozo ni wa ukuta wa matofali ya saruji ya inchi 5 au 6, nyumba ya kawaida ya chini, fundi mmoja au wawili na saidia fundi wao. Zege na lipu vina vipimo vyake, usivichanganye na hivi.

## Vitu vya kuandaa

- Saruji. Ya daraja la 32.5 inatosha kujengea. Ya 42.5 si kosa, ila nguvu yake ya ziada ina faida zaidi kwenye zege. Fungua mfuko, ingiza mkono: iwe unga laini. Bonge likivunjika kwa vidole viwili, endelea. Likigoma, mfuko huo umeshaota, usijengee ukuta.
- Mchanga wa mtoni au wa kuchimba, uliopita Hatua ya 1.
- Maji safi. Ya chumvi hapana, hata kama kisima kiko hatua tano tu.
- Ndoo mbili za lita 10 zinazolingana, moja ya vitu vikavu, nyingine ya maji. Zikiwa na alama za lita ndani, bora zaidi.
- Chekeche lenye matundu ya milimita 5 hivi.
- Sehemu ngumu ya kukorogea: bati bapa, mbao zilizobanana au kipande cha sakafu ya zege.
- Chepe mbili, makarai, mwiko, timazi, pimamaji, uzi, tepu, pipa la maji.
- Nailoni au magunia ya kufunikia.
- Glavu na gamboti. Saruji mbichi inaunguza ngozi polepole, utagundua jioni. Ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi safi papo hapo na uende hospitali.
- Saa. Ya simu inatosha. Katika orodha hii ndicho kitu ambacho sijawahi kukikuta kwenye eneo la kazi kikitumika kwa kazi hii.

## Hatua ya 1: Pima mchanga kabla lori halijamwaga

Fanya kipimo hiki ukiwa bado na uwezo wa kusema "rudi nao".

Chukua chupa ya maji inayoonyesha ndani. Jaza mchanga mpaka karibu nusu, ongeza maji mpaka robo tatu, tia kijiko cha chai cha chumvi, funga na utikise kwa dakika moja au mbili. Iweke mahali tambarare, usiiguse kwa saa tatu. Chumvi inasaidia tope lishuke haraka.

Mchanga utakaa chini, na juu yake utaona tabaka laini la rangi tofauti. Hilo ni tope. Pima kwa rula. Kwa kila sentimita 10 za mchanga, tope lisizidi milimita 8. Likizidi, mchanga huo uoshwe au urudi ulikotoka.

Sababu yake ni kwamba tope hujipaka kwenye punje za mchanga, saruji ikakosa pa kushika. Pia linakunywa maji mengi, na yakikauka udongo unasinyaa na kupasuka. Shida ni kwamba mchanga wenye tope unapendwa na mafundi wengi, kwa sababu udongo wake unateleza vizuri kwenye mwiko. Wapo wanaoongeza mfinyanzi kwa makusudi. Ulaini huo unaulipia baadaye.

Kwa walio Pwani: mchanga wa ufukweni usitumike hata ukiwa mweupe kama sukari. Weka punje kidogo kwenye ncha ya ulimi. Ukisikia chumvi, achana nao. Chumvi hiyo itatoka ukutani kama unga mweupe, itabandua rangi, na ikifika kwenye nondo za nguzo na linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) italeta kutu.

Mchanga ukishapita, upitishe kwenye chekeche. Kokoto moja ya sentimita moja inatosha kulifanya tofali lisikae sawa, na fundi atalipiga mpaka avuruge udongo wote wa chini yake.

## Hatua ya 2: Chagua uwiano, kisha uupime kwa ndoo

Uwiano ninaoutumia:

- 1:4 (ndoo moja ya saruji, nne za mchanga): ukuta wa msingi ulio chini ya ardhi na mahali penye unyevu wa kudumu.
- 1:5: kuta za nje na zote zinazobeba paa.
- 1:6: kuta za ndani za kugawa vyumba.

Utaambiwa uweke 1:3 "ili ikamate zaidi". Usikubali. Udongo wenye saruji nyingi husinyaa zaidi unapokauka, ukaachia nyufa nyembamba kandokando ya tofali. Kingine, udongo unapaswa kuwa dhaifu kidogo kuliko tofali. Nyumba ikitulia ardhini, ufa upite kwenye kiungo, ambako unakwanguliwa na kujazwa. Udongo ukiwa mgumu kuliko tofali, ufa unapasua tofali lenyewe, na hapo hakuna cha kukwangua.

Sasa tuje kwenye toroli, maana ndipo wengi walipoharibikiwa.

Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, yaani ndoo tatu na nusu za lita 10. Toroli nyingi za ujenzi, zikisawazishwa juu, hubeba kama lita 65. Kwa hiyo "toroli tatu kwa mfuko" ni lita 195, sawa na 1:5.5. Hiyo inavumilika. Lakini nani anasawazisha toroli? Saidia fundi anayetaka kupunguza safari hujaza kilima, na toroli hiyo inafika lita 80. Toroli tatu za namna hiyo ni lita 240, na uwiano umekuwa karibu 1:7. Asubuhi ulikuwa 1:5.5, mchana mikono imechoka kidogo toroli zinapungua, jioni zinajaa ili kazi iishe. Ukuta mmoja unabeba udongo wa aina tatu, na mwenye nyumba ameona mifuko ileile ikifunguliwa.

Ndoo inamaliza ubishi huu. Jaza, pitisha kipande cha mbao juu kusawazisha, mwaga. Saruji nayo ipimwe kwa ndoo ileile, usikadirie nusu mfuko kwa jicho.

Jambo moja kuhusu unyevu: mchanga wenye unyevu kidogo hutuna. Ndoo ya mchanga wa namna hiyo inaweza kuwa na mchanga pungufu kwa robo kuliko ndoo ya mchanga mkavu kabisa. Vipimo nilivyotoa vinafanya kazi kwa mchanga wa kawaida wa rundo, wenye unyevu kidogo. Kama ni kiangazi na mchanga wako unamwagika kama chumvi ya mezani, punguza mchanga: ndoo nne zinatosha kwenye 1:5.

## Hatua ya 3: Amua ukubwa wa mkorogo

Mkorogo, si ule wa usoni. Namaanisha kiasi cha udongo unaokorogwa kwa mara moja. Hatua hii ndiyo inayoamua kila kitu, na ndiyo inayorukwa.

Saruji haigandi kwa kukauka. Inaungana na maji kikemia, na kazi hiyo inaanza maji yanapoigusa tu. Kiwango cha saruji cha Ulaya, EN 197-1, kinataka saruji ya 32.5 isianze kukamata kabla ya dakika 75, lakini hicho ni kipimo cha maabara, kwenye nyuzi joto 20. Udongo wenye mchanga mwingi huchelewa zaidi ya hapo, jua la Februari Dar es Salaam au upepo wa Dodoma huuharakisha. Kanuni yangu ya kazi ni kuumaliza udongo ndani ya saa moja na nusu tangu utiwe maji. Kukiwa na mawingu na baridi, saa mbili. Juu ya hapo ni kumwaga.

Sasa piga hesabu. Tofali la inchi 5 (sentimita 45 kwa 23) likijengwa kwa viungo vya milimita 10 linakula karibu lita 0.9 za udongo. Ongeza unaodondoka na viungo vinavyonenepa, tuseme lita 1.3. Fundi mmoja akijenga matofali 18 kwa saa, kwa saa moja na nusu anatumia kama lita 35.

Mfuko mzima kwa 1:5 unatoa udongo wa zaidi ya lita 150. Yaani fundi mmoja anahitaji saa sita na zaidi kuumaliza! Hapo ndipo udongo wa saa mbili asubuhi unapokutwa bado unajengewa saa saba mchana, ukiwa umeongezewa maji mara nne. Hata nusu mfuko ni mwingi.

Kwa hiyo:

- Fundi mmoja: robo tatu ya ndoo ya lita 10 ya saruji, na mara tano yake ya mchanga, yaani ndoo tatu na robo tatu. Tia alama ya wino kwenye ndoo, usikadirie.
- Mafundi wawili: ndoo moja na nusu ya saruji, saba na nusu za mchanga.

Saidia fundi atalalamika kwamba anakoroga mara nyingi. Kweli, lakini kila mkorogo ni mdogo na unageuzwa kwa dakika chache. Andika muda kwa mkaa kwenye tofali kila mkorogo unapotiwa maji. Niliwahi kujenga ukuta wa banda langu mwenyewe bila kuandika, nikijiamini kwamba najua. Kozi (mistari ya matofali) mbili za juu nilizijenga baada ya chakula cha mchana kwa udongo wa asubuhi, na mpaka leo ukizikwangua kwa ufunguo zinatoa unga.

## Hatua ya 4: Koroga kavu kwanza

1. Mwaga mchanga kwenye sehemu ngumu, utandaze. Ukikoroga juu ya ardhi, chepe inaokota udongo wa chini, na ardhi inakunywa maji yenye saruji.
2. Mwaga saruji juu, itawanye.
3. Geuza rundo lote kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kisha lirudishe. Angalau mara tatu. Usikorogee mahali pamoja kama unasonga ugali. Lihamishe rundo zima.
4. Tazama rangi. Ikiwa moja kote, bila michirizi ya kijivu wala mabaka ya mchanga mtupu, imekubali. Kukiwa na mchirizi, geuza tena. Mchirizi ukiachwa sasa, hautachanganyika ukishalowa.
5. Fanya shimo katikati, kama bakuli. Kwa ndoo moja ya saruji kwa tano za mchanga, anza na lita 8 za maji, kisha ongeza kidogo kidogo. Mara nyingi utaishia kati ya lita 9 na 13 kufuatana na unyevu wa mchanga. Mkorogo wako ukiwa mdogo au mkubwa, punguza au zidisha kwa kadiri hiyohiyo.
6. Vuta vitu vikavu kutoka pembeni viingie majini, kisha geuza mpaka ulainike wote.

Utajua umefaulu hivi. Chota kwa mwiko, ugonge mara moja chini ya mkono ili udongo ushikane, kisha uinamishe. Udongo mzuri unabaki umeshika, halafu unateleza kwa mkupuo mmoja. Ukitiririka, maji yamezidi. Ukimomonyoka kama keki kavu, bado. Jaribio lingine: finyanga bonge mkononi. Libaki duara, na kiganja kibaki na unyevu tu, maji yasitoke kati ya vidole.

Ukizidisha maji, usitupie mchanga mtupu kuokoa, uwiano utakufa. Changanya pembeni saruji na mchanga kwa uwiano uleule, ndipo uongeze.

Kuhusu kuongeza maji baadaye. Ndani ya saa ya kwanza udongo ukipoteza ulaini kwa sababu ya jua, kunyunyiza maji kidogo na kugeuza upya hakuna ubaya. Ukishaanza kuwa mgumu wenyewe, ukiugeuza unakatika mapande, umekwisha. Maji yataulainisha kwa macho tu. Vile vifungo vilivyokuwa vimeanza kuundwa unavivunja, na havirudi. Mwaga kwenye mashimo ya kusawazisha kiwanja.

Wengine hukoroga kavu rundo la siku nzima ili walowe kidogo kidogo. Wazo zuri, lenye mtego: mchanga wenye unyevu unaiamsha saruji hata kabla hujatia maji. Rundo kavu la asubuhi likifika mchana limeshapoteza sehemu ya nguvu. Usilaze rundo kavu zaidi ya saa mbili.

Na sabuni. Wapo wanaotia sabuni ya maji ili udongo uwe laini. Unalainika kwa sababu umejaa vipovu vya hewa, na hakuna anayejua vimeingia vingapi. Ukitaka ulaini wa halali, tumia chokaa ya ujenzi: 1 ya saruji, 1 ya chokaa, 6 za mchanga. Udongo huo unashika maji vizuri na unapakika kirahisi. Hakikisha mfuko umeandikwa kuwa ni ya ujenzi. Ile ya kupaka ukutani si lazima ifae.

## Hatua ya 5: Andaa matofali na mahali pa kuanzia

Tofali jipya lisijengewe. Likimwagiliwa vizuri wiki ya kwanza kisha likaachwa mpaka siku 28, linakuwa limeshasinyaa sehemu kubwa ya kusinyaa kwake. Ukilijenga bichi, litasinyaa ukutani, na udongo ndio utakaolaumiwa.

Maji kwenye matofali ni somo lenye pande mbili. Tofali la saruji linyunyiziwe tu siku ya jua kali, uso ulowe bila kung'aa. Ukililoweka, linaelea juu ya udongo, halishikani, na baadaye linasinyaa likikauka. Tofali la kuchoma ni kinyume chake: lizamishe kwenye pipa mpaka vipovu viishe, kisha litoe lichuje. Likiwekwa kavu linafyonza maji yote ya udongo kwa dakika chache, na saruji inabaki na kiu. Ule udongo wa nyumba za tofali za kuchoma unaosagika kwa kidole, mara nyingi chanzo ni hicho.

Fagia juu ya msingi, ondoa vumbi, lowesha. Panga kozi ya kwanza kavu bila udongo, uone milango na kona zinaangukia wapi. Ni afadhali kukata tofali sasa kuliko kubuni kiungo cha sentimita 4 baadaye.

## Hatua ya 6: Jenga

1. Anza na kona. Inua kozi mbili au tatu kila kona, zipime kwa timazi na pimamaji, kisha funga uzi kati yake.
2. Tandaza udongo kwa urefu wa matofali mawili, matatu kwa wingi. Kwenye jua, udongo uliotandazwa mita tatu mbele umeota ngozi kabla hujaufikia. Unene uwe milimita 15 hivi, utabanwa ubaki 10.
3. Jaza upana wote wa tofali. Tabia ya kuweka mistari miwili pembeni na kuacha katikati tupu inaokoa udongo kidogo na kupoteza nguvu nyingi.
4. Paka udongo kwenye kichwa cha tofali, yaani upande wake mfupi, kabla hujaliweka. Fundi anayepanga matofali kwanza kisha akachomeka udongo kwa juu na ncha ya mwiko anaacha pango katikati. Simama ndani ya chumba mchana: ukiona mwanga unapenya kwenye viungo vya wima, na mvua itapenya hapohapo.
5. Weka tofali, libane, ligonge taratibu mpaka lifuate uzi. Udongo ujitokeze kidogo pande zote, ndiyo ishara kwamba umejaa. Ukate kwa mwiko, urudishe kwenye karai. Ulioanguka kwenye vumbi usirudi.
6. Tofali likishakaa dakika kadhaa, usilisogeze. Ukiona limepinda, ling'oe, kwangua udongo wote, weka mpya. Kulisukuma kunaacha ufa usioonekana chini yake.
7. Kiungo cha wima kiangukie katikati ya tofali la chini.

Jipime mwenyewe: kila baada ya matofali kama 30, ng'oa moja uliloliweka sasa hivi. Udongo uwe umeshika angalau robo tatu ya uso wake wa chini. Ukiona doa kavu kubwa, udongo ni mgumu mno au tofali limekunywa maji.

Angalia pia unene wa viungo, kwa maana hapo ndipo pesa inapotoroka. Ukuta wa inchi 5 una matofali kama 9 kwa mita moja ya mraba. Kwa viungo vya milimita 10 unakula lita 8 hivi za udongo. Kwa viungo vya milimita 20, karibu mara mbili. Mara nyingi kiungo kinene kinatokana na matofali yasiyolingana, na fundi anaficha tofauti kwa udongo. Kama matofali yamepishana sentimita nzima, mgombeze aliyeyafyatua.

## Hatua ya 7: Simama kabla ukuta haujalemewa

Kwa siku moja usipandishe zaidi ya kozi 5 au 6, yaani mita 1.2 mpaka 1.4. Udongo wa chini bado mbichi, ukiulemea unabanwa na kuchuruzika, ukuta unainama taratibu wakati timazi ilishapimwa asubuhi. Ukitaka kasi, zunguka nyumba nzima kwa kozi hizo tano badala ya kumaliza upande mmoja mpaka juu.

Mahali pa kuunganishia kesho pashushe kwa ngazi, usiache wima.

Mvua ikitisha, funika juu ya ukuta kwa nailoni na uiwekee matofali isiruke. Udongo uliooshwa na mvua siku ya kwanza unabaki mchanga.

## Hatua ya 8: Mwagilia siku 7

Anza kesho yake asubuhi. Nyunyiza, usipige kwa nguvu ya mpira, mara mbili kwa siku: asubuhi na jioni. Kwenye jua kali au upepo ongeza mchana, au tundika magunia mabichi upande unaopigwa na jua. Wiki ya kwanza ndiyo saruji inapata sehemu kubwa ya nguvu yake, na bila maji kazi inasimama.

Mafundi wakishaondoka kwenda kazi nyingine, hatua hii inabaki yatima. Mlipe mtu wa kumwagilia, au mwagilia mwenyewe.

## Hatua ya 9: Pima siku ya nane

Chukua msumari wa inchi 3. Kwangua viungo mahali kumi tofauti: chini, juu, karibu na kona, na hasa kozi zilizojengwa mchana.

- Msumari unaacha mstari mwembamba mweupe tu: ukuta umefaulu, endelea.
- Unatoa unga juujuu kisha unagoma: uso ulikauka mapema. Mwagilia siku saba nyingine, upime tena.
- Unaingia kama kwenye sukari guru na mchanga unamwagika: kiungo hicho hakina saruji hai. Fuatilia kinaishia wapi. Kwa kawaida utakuta ni kozi moja au mbili, ule mkorogo mmoja uliozeeka. Bomoa kozi hizo. Matofali yatapona, kwa sababu udongo haukuwa umeyashika.

## Kama ukuta ulishasagika na watu wanaishi ndani

Ingiza msumari kwanza. Ukiingia sentimita mbili ukagota mahali pagumu, ukuta unarekebishika. Ukizama wote, hasa kwenye ukuta unaobeba paa, usikwangue chochote. Mwite mhandisi aone kwanza, maana udongo huo mbovu ndio umebeba nyumba.

Kwa ukuta unaorekebishika: kwangua viungo kwa kina cha milimita 20 mpaka 25, kipande cha mita moja kwa wakati, na usikwangue pande zote mbili siku moja. Ondoa vumbi kwa brashi, lowesha, subiri maji yasing'ae. Koroga udongo wa 1:5 kwa mchanga uliochekechwa, mgumu kuliko wa kujengea, unaoshikana ukiufinya bila kupaka kiganja. Sindilia kwa kipande chembamba cha bati au nondo bapa, kwa matabaka mawili: la kwanza likianza kukaza ndipo la pili. Kidole gumba kikiacha alama hafifu tu, lainisha uso kwa kipande cha bomba, funika kwa gunia bichi, mwagilia siku saba. Kisha hamia mita inayofuata.